Sindano za uzazi wa mpango zisiwe za kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni muuza ndizi katika soko la Kiboriloni hapa Moshi. Nina miaka 39, nina mume na watoto wanne. Huu ni mwaka wa pili niko kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijijini kwetu huko mlimani, baada ya wananchi wenzangu kunichagua niwawakilishe. Kwa hiyo haya nitakayoeleza nimeyaona nikiwa pande zote mbili: kwenye benchi nikisubiri kuitwa, na kwenye kikao nikisomewa leja.

Kadi yangu ya uzazi wa mpango naitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto na kitambulisho changu cha kura. Imechakaa kwenye mikunjo, lakini maandishi yanasomeka. Upande mmoja nesi anaandika tarehe niliyochomwa sindano, upande wa pili tarehe ya kurudi. Tangu mwaka 2016, nilipomwachisha ziwa mtoto wangu wa tatu, tarehe hizo zinafuatana kila baada ya miezi mitatu bila kuruka hata moja. Halafu unafika kwenye mstari unaosema nirudi tarehe 14 Machi 2022, na mbele yake pako wazi.

Mtu akiiona anaweza kudhani nilisahau. Sikusahau. Ilikuwa Jumatatu. Nilishusha mikungu ya mshare sokoni kabla hakujapambazuka, nikamwachia jirani yangu muuza parachichi aniangalizie, nikapanda gari kurudi mlimani ili niwahi namba za mwanzo. Zamu yangu ilipofika nesi hakunijibu kwa mdomo kwanza. Alifungua kabati akanionyesha. Rafu ya juu vidonge vya majira boksi mbili na kondomu, rafu ya chini boksi tupu la sindano na bunda la vipeperushi. Akasema, "Mama, zimeisha tangu wiki iliyopita. Tumeagiza. Jaribu wiki ijayo."

Nilijaribu wiki iliyofuata, na nyingine tena. Nesi alikuwa amenieleza kuwa baada ya tarehe ya kurudi zipo wiki nne ambazo bado naweza kuchomwa bila wasiwasi. Wiki hizo nne ziliisha tarehe 11 Aprili. Siku hiyo pia nilipanda, nikafungua mlango, na kabla sijakaa akatikisa kichwa. Akanipa vidonge, akanielekeza vizuri, kimoja kila siku saa ileile. Lakini mimi ni mtu wa soko. Kuna siku naamka saa tisa usiku kufuata ndizi shambani, kuna siku nalala na nguo za kazini. Vidonge vilinishinda. Wapo wanaoviweza na vinawafaa. Mimi nilikuwa nimechagua sindano kwa sababu nilijijua.

Kuelekea mwisho wa mwaka ule nikawa mjamzito. Mwezi wa sita 2023 nikajifungua mtoto wa kiume. Mwanangu huyu nampenda, na nikiwa nazipanga ndizi hapa anacheza miguuni kwangu. Simnung'unikii mtoto. Nasema kilichotokea. Presha ilinipanda mimba ilipofika miezi saba, nikaambiwa nipumzike, na kupumzika kwa muuza ndizi maana yake ni mtaji kuliwa. Vikoba walinikopesha mara mbili. Binti yangu mkubwa alikuwa kidato cha pili, anakaa hosteli. Tukashindwa mchango wa hosteli, akarudi nyumbani, akawa anatembea asubuhi na jioni njia ambayo mama yeyote wa mlimani anaijua ubaya wake wakati wa masika. Hakunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu dakika kila jioni mpaka nisikie sauti yake uani.

Nilipofikisha wiki sita baada ya kujifungua nilikwenda nikaomba kijiti, kile cha kuwekwa chini ya ngozi ya mkono ambacho kinakaa miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Niliona bora nisitegemee tena kurudi kila miezi mitatu. Vijiti vilikuwepo. Kilichokosekana ni ganzi. Kijiti hakiwekwi bila kuchoma ganzi, na haiwekwi ganzi bila glovu safi na dawa ya kusafishia ngozi. Nesi alikuwa amefundishwa kazi hiyo, vijiti viko kwenye kabati, wanawake tuko nje sita, na kwa kukosa kichupa cha ganzi tukarudi nyumbani wote sita. Na kukiondoa nako kunataka ganzi ileile. Mwenzangu mmoja alikaa na kijiti kilichokwisha muda wake miezi kadhaa akisubiri. Mimi niliishia kurudi kwenye sindano, kwa kuwa wiki ile zilikuwepo.

Hayo ni ya benchi. Sasa nieleze ya mezani.

Nilipoingia kwenye kamati nilidhani kazi yetu itakuwa kusimamia ujenzi wa choo na kuuliza kwa nini nesi amechelewa. Kikao cha pili, mganga mfawidhi akaleta leja ya dawa tuikague. Akatuonyesha safu ya kilichoombwa na safu ya kilichopokelewa. Kwenye sindano za uzazi wa mpango awamu ile waliomba 120, wakapokea 40. Awamu ya nyuma yake waliomba 100, wakapokea sifuri. Lakini ukurasa wa pili ukakuta vidonge vimeletwa zaidi ya vilivyoombwa, na vinakaribia kuisha muda wa matumizi. Niliuliza, huko bohari ya dawa hawaoni fomu zetu? Akanijibu kwa upole kuwa wanaziona, ila bohari hutoa kilichopo, na kilichopo kinategemea nani amenunua nini mwaka huo. Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kufuatilia jambo hili kwa undani.

Tulimwuliza nesi, sindano 40 unazigawaje kwa watu 120? Akainama. Akasema anaanza na waliokwisha kupitisha tarehe ila bado wamo ndani ya zile wiki nne. Kisha wale ambao tarehe yao ni wiki hiyo. Anayekuja kwa mara ya kwanza, amejikusanya mwaka mzima mpaka akapata moyo wa kuja, huyo anamwambia asubiri. Alituambia kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji mara tatu, daktari amemwonya asibebe mimba nyingine karibuni, alikuja siku ambayo imebaki sindano moja na mbele yake kwenye foleni yuko binti ambaye kesho yake ndiyo mwisho wa wiki nne. "Nilimpa mmoja," akasema. Hakusema yupi, na hakuna mjumbe aliyethubutu kumwuliza. Nesi wa zahanati hakusomea kuchagua nani abebe mimba na nani asibebe. Kazi hiyo amebebeshwa na kabati tupu.

Huku sokoni tumejiwekea utaratibu wetu. Mzigo ukishuka zahanati, wa kwanza kujua anapiga simu, na neno lenyewe ni moja tu: zimekuja. Nimeona mwanamke anaacha mikungu ya shilingi elfu tisini chini, bila kufunika, anakimbilia gari. Tunalindiana biashara. Lakini fikiria asiye na simu, au ambaye simu inashikwa na mume. Tuseme ukweli, wapo wanaochoma sindano bila waume zao kujua, na ndiyo maana walichagua sindano, kwa kuwa haina kitu cha kuonekana nyumbani. Mwanamke huyo akiambiwa akanunue duka la dawa, hela ataiomba kwa nani, na ataitolea maelezo gani? Huduma hii katika vituo vya serikali ni bure, na ubure huo ndio unaompa nafasi ya kuamua. Ukitoweka kwa kukosekana dawa, uamuzi wake unatoweka nao.

Na wasichana. Pale sokoni wapo wa miaka 19, 20, wanaosaidia kubeba na kupanga. Hawa zahanati wakikosa mara mbili hawarudi tena, wanaamini P2. Kidonge hicho ni cha dharura, kinamezwa mapema ndani ya siku tatu baada ya tendo, si cha kumeza kila wiki. Nimeongea nao mpaka nimechoka. Mmoja alinijibu, "Mama, P2 ipo kila siku. Hivyo vingine vipo lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wapo watakaosema huu ni mpango wa wazungu wa kutupunguza. Nawaheshimu, lakini naomba wasikilize. Bibi zetu walijua hasara ya kubeba mimba ingali mtoto yuko ziwani. Mtoto akikonda na kudhoofika walisema amebemendwa, na aibu hiyo waliibeba baba na mama. Walijua kulea kunataka nafasi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miaka miwili ipite baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine. Bibi yangu hakulisikia shirika hilo lakini angekubaliana nalo. Na huduma yenyewe si ngeni hapa nchini. Chama cha uzazi wa mpango tunachokijua leo kwa jina la UMATI kilianza mwaka 1959, kabla hata ya Uhuru. Mpango wa taifa wa uzazi wa mpango ulianzishwa mwaka 1989. Mama yangu anaikumbuka Nyota ya Kijani ilipochorwa kwenye ukuta wa zahanati, na wanawake walivyoelezwa kuwa ukiiona nyota hiyo ujue huduma ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa walikuwa karibu 7 tu kati ya 100. Wakaongezeka, kwa sababu walienda wakakuta.

Baba mkwe wangu alirithi kihamba, yaani shamba la ukoo, cha ekari moja na nusu. Aligawa kwa wanawe wanne. Sehemu yetu sisi, nikisimama mlangoni naihesabu migomba yote bila kupiga hatua. Wanangu wawili wa kiume watagawana nini? Hakuna mzungu aliyeniletea hesabu hiyo. Na kusema hivi sisemi watu wasizae. Mwenye uwezo wa kulea saba na afya yake inaruhusu, azae saba. Ninachodai ni kwamba aliyeamua kupumzika, na amekuja mwenyewe kwa miguu yake kuomba, asirudishwe mikono mitupu.

Mkoa wetu una vituo vingi vya afya vya mashirika ya dini, na vimetuokoa wengi. Baadhi kwa imani yao hawatoi njia hizi, wanafundisha za asili. Sina ugomvi nao. Ila ina maana kwamba kwa vijiji vingine zahanati ya serikali ndiyo mlango pekee, na nyuma ya mlango huo ukikuta kabati tupu hakuna kwingine pa kubisha.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 2012, tarehe 11 Julai, ulifanyika mkutano mkubwa wa uzazi wa mpango mjini London. Rais wetu wa wakati huo, Mheshimiwa Jakaya Kikwete, alikuwepo, na Tanzania iliahidi kufikisha watumiaji asilimia 60 ifikapo 2015. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ukakuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni 32 kati ya 100. Utafiti wa 2022 ukakuta 31. Tulisimama pale pale. Na utafiti huohuo wa 2022 ukaonyesha kuwa kati ya walioolewa 100, wapo 21 wanaotaka kupumzika au kuacha kabisa kuzaa lakini hawatumii njia yoyote. Wengine wana hofu, wengine wanakatazwa. Lakini nikiwaona wale sita waliorudi nyumbani kwa kukosa ganzi, najua kwamba sehemu ya hao 21 ni watu waliokwenda wakakosa.

Sehemu kubwa ya sindano na vijiti vyetu imekuwa ikinunuliwa kwa fedha za wafadhili. Nawashukuru kwa dhati. Miaka yangu sita ya tarehe zisizoruka ni wao waliochangia. Lakini mfuko wa mtu ni wa mtu. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza kwa asilimia 85 mchango wake kwenye mpango wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, wa kununua dawa hizi. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi. Mwezi ule ule tukasikia kuwa shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya dola milioni 9.7 imekwama ghalani Ubelgiji, na serikali ya Marekani imeamua iteketezwe. Sehemu kubwa ilikuwa ije nchi tano za Afrika, yetu ikiwemo. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, IPPF, lilieleza kuwa humo Tanzania ilikuwa ipate sindano zaidi ya milioni moja na vijiti zaidi ya laki tatu.

Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa nakata mkungu. Nikaweka kisu chini nikapiga hesabu, maana hesabu ya sindano naijua kwa mwili wangu. Mwanamke mmoja anachoma nne kwa mwaka. Sindano milioni moja ni wanawake laki mbili na nusu kwa mwaka mzima. Kila mmoja ana kadi yake, na kwenye kadi kuna tarehe.

Lakini naomba nieleweke. Sindano yangu ya Machi 2022 haikuzuiwa na amri ya Marekani, kwa kuwa amri hiyo ilikuwa bado. Upungufu tulikuwa nao wafadhili wakiwepo. Sasa wanapoondoka, kilichokuwa kinakosekana miezi miwili kitakosekana mwaka. Ndiyo maana sitaki tukae kuwalaumu wa mbali. Nataka tujiulize kwa nini kitu ambacho mwanamke anakihitaji kila baada ya miezi mitatu, bila kuruka, maisha yake yote ya uzazi, tulikiweka kwenye mfuko tusioushika.

Kwamba tunaweza, sina shaka. Vifo vya akina mama kutokana na uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015–16. Utafiti wa 2022 ukakuta 104. Hilo halikuja kwa bahati. Vilijengwa vituo, vikawekwa vyumba vya upasuaji, magari yakanunuliwa. Naipongeza serikali kwa moyo wangu wote, mimi niliyejifungua na presha nikatoka salama. Katika bajeti ya 2025/26 zikawekwa tozo maalumu za kuchangia mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Kwa hiyo tumekwisha kukubali kama taifa kwamba kuna dawa ambazo hatuwezi kuziachia huruma ya watu wengine. Kwa nini sindano ya uzazi wa mpango isiwemo kwenye kundi hilo? Mimba isiyotarajiwa ikimfikisha mtu kwenye chumba kile cha upasuaji, serikali itatumia fedha nyingi zaidi ya bei ya sindano nne.

Mfano mwingine uko hapa hapa. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nne, nne, mbili. Kwa kuwa imeandikwa kwenye sheria, hata pale inapochelewa tunajua cha kuuliza, na diwani anajua ataulizwa. Uzazi wa mpango hauna mstari wa namna hiyo. Kwenye mpango wa afya wa halmashauri unaweza kutengewa fedha mwaka huu, mwakani ukaondolewa, na hakuna anayegundua mpaka mtu akunje mguu kwenye benchi la zahanati. Ushuru wa soko nalipa kila siku ninaposhusha mzigo, risiti ninazo. Sioni ubaya sehemu ndogo ya ushuru huo, unaotolewa na wanawake kwa wingi, ikarudi kwao kama ganzi, glovu na dawa ya kusafishia ngozi. Vitu hivyo havihitaji mfadhili. Ni vya bei ambayo hata zahanati ikiruhusiwa na kuelekezwa inaweza kununua kwenye mapato yake.

Sindano na vijiti vyenyewe ni kazi ya serikali kuu. Waheshimiwa wabunge wetu wa Kilimanjaro, nawaomba, bajeti ya Wizara ya Afya inapoletwa msiulize tu kimetengwa kiasi gani. Ulizeni kilichotengwa mwaka jana kilitoka kiasi gani, na kilitoka mwezi gani. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fedha ikitoka Mei, dawa zinaagizwa nje, zinasafiri, zinafika mwaka unaofuata, na katikati hapo ndipo mtu anapobeba mimba. Mwaka 2001 pale Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kuifikishia afya asilimia 15 ya bajeti ya serikali. Ahadi hiyo ina umri mkubwa kuliko wasichana wengi ninaofanya nao kazi sokoni.

Na lipo jambo dogo lisilogharimu kitu. Zahanati ibandike mlangoni karatasi ya kila wiki: sindano zipo au hakuna, vijiti vipo au hakuna, ganzi ipo au hakuna. Mwanamke asome pale nje, au asomewe, ajue. Wenzangu kwenye kamati walisita mwanzoni, wakihofia tutaonekana tunaichafua zahanati. Nikawaambia nauli ya kwenda na kurudi mara tatu inamchafua zaidi. Tumeanza mwezi uliopita, kwa maandishi ya mkono, kalamu nyekundu kwa vilivyokosekana.

Kikao chetu kijacho nimeomba leja isomwe kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kilichoombwa na kilichopokelewa, kuanzia Julai iliyopita. Diwani wetu amekubali kuja. Nitakuja na kadi yangu, na akina mama wengine tisa wamekubali kuja na za kwao. Tutaziweka mezani zikiwa zimefunguliwa kwenye zile sehemu zilizo wazi.

Wako,
Muuza ndizi, Kiboriloni, Moshi
(Naomba jina langu lihifadhiwe)